Masomo Magumu Nyumbani: Nani Amfundishe Mtoto wa Ufipa?

Mtoto aliyeingia darasa la tatu Januari 2024 anatarajiwa kumaliza elimu ya msingi mwaka 2027, akiwa darasa la sita. Kaka yake aliyekuwa darasa la nne mwaka huohuo naye atamaliza 2027, ila yeye akiwa darasa la saba. Wataingia kidato cha kwanza pamoja, Januari 2028, mmoja akitoka kwenye mtaala mpya na mwingine kwenye ule wa zamani. Katika nyumba ya Mazwi, Katandala au Laela, hapa Rukwa, yenye watoto hao wawili, meza moja ya chakula inabeba vitabu vya aina mbili, na mzazi anayetaka kusaidia hesabu za jioni hajui aanze na nani.

Mkanganyiko unaanzia hapo. Wapo wanaodhani mtaala mpya umemkabidhi mzazi kazi ya mwalimu. Wapo waliosikia kwamba Dar es Salaam na Arusha kuna familia zinazosomesha watoto nyumbani moja kwa moja, bila sare wala kengele, wakajiuliza kama nao wanaweza. Na wapo waliokata tamaa mapema: mimi niliishia darasa la saba, Hisabati ya kidato cha pili nitaifundisha kwa akili gani? Makundi haya hubishana kana kwamba yanazungumzia jambo moja, kumbe kila moja lina lake.

Jina moja, mambo matatu

Maana ya kwanza ya kusomesha nyumbani ni kumtoa mtoto shuleni, au kutompeleka kabisa, na kumfundisha kila kitu nyumbani. Kwa elimu ya msingi, njia hiyo inagongana na Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, inayomtaka kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe na ahudhurie hadi amalize. Wanaoifuata nchini ni familia za wageni na wenyeji wachache wanaotumia mitaala ya nje. Kenya nako Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inambana mzazi vivyo hivyo, na suala la wazazi wanaosomesha nyumbani limefika hadi mahakamani. Uwanda wa Ufipa hauna desturi hiyo. Mzazi wa Nkasi au Kalambo anayewaza kumtoa mtoto wa darasa la tano kwa sababu Hisabati imemshinda ajue kwamba atakutana na mtendaji wa kijiji kabla hajakutana na matokeo.

Maana ya pili ni halali, ipo, na haisemwi vya kutosha. Kijana aliyekosa sekondari, binti aliyekatishwa masomo kwa ujauzito, mtu mzima anayetaka cheti, wote wanaweza kusoma nje ya shule, wakafanya Mtihani wa Maarifa unaojulikana zaidi kwa kifupi chake cha QT, kisha wakafanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Namba zao za mtihani huanza na herufi P, wakati za wanafunzi wa shule huanza na S. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975, imebeba sehemu kubwa ya kazi hii. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida, lakini mwenye mtoto wa kunyonyesha na safari ya kilomita kadhaa bado anaweza kuona njia ya QT ni nafuu kwake. Huyu ndiye anayesoma nyumbani kweli katika Rukwa.

Maana ya tatu ni nyongeza: mtoto yuko shule mchana, na jioni nyumba inaziba mapengo. Hii ndiyo inayowahusu wazazi wengi, na ndiyo iliyopewa mtihani wa ghafla mwaka 2020. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona. Kidato cha sita walirudi 1 Juni, na madarasa mengine 29 Juni. Kwa siku zaidi ya mia moja kila mzazi nchini aligeuka mwalimu, apende asipende.

Gumu kwa sababu gani?

Neno "gumu" linaficha mengi. Hisabati ni ngazi. Aliyeruka kipago kimoja haanguki hapohapo. Huendelea kupanda kwa kukariri, akaanguka vipago vinne mbele, mahali ambapo hakuna anayekumbuka alipoteleza. Mtoto anayeshindwa milinganyo kidato cha pili mara nyingi hajashindwa milinganyo. Ameshindwa sehemu, yaani nusu na theluthi na robo, alizopaswa kuzielewa miaka kadhaa nyuma. Mwalimu aliyewekewa kiwango cha wanafunzi 45 kwa darasa, na ambaye kwa hali halisi ana wengi kuliko hao, hana jinsi ya kumrudisha mmoja chini akamsubiri. Ndiyo maana kwa miaka mingi waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne hawakufika hata theluthi moja ya watahiniwa wote nchini. Tarakimu kama hiyo haielezwi kwa uvivu wa watoto.

Ugumu wa Fizikia, Kemia na Biolojia umechanganyika: kidogo ni dhana, kingi ni lugha, kilichobaki ni vifaa. Kiingereza chenyewe kina ugumu wa aina nyingine kabisa, ugumu wa kutokisikia. Mtaani Sumbawanga utasikia Kifipa na Kiswahili kutwa nzima, na Kisukuma ukishuka Bonde la Ziwa Rukwa kwa wafugaji. Kiingereza utakiona kwenye mabango.

Kwa hiyo swali la nani amfundishe mtoto halijibiki kwa jumla. Lazima liulizwe upya kwa kila aina ya ugumu: ngazi, lugha, vifaa.

MAGAZIJUTO na muuza maharage

Chukua hesabu hii: 10 − 4 + 3. Mtoto amefundishwa MAGAZIJUTO, kifupisho anachokijua kila aliyepita shule ya msingi Tanzania: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Anafuata herufi kama zilivyopangwa. JU imetangulia TO, basi anajumlisha 4 na 3 kupata 7, anatoa 7 kwenye 10, anaandika 3. Amekosa. Jibu ni 9, kwa kuwa kujumlisha na kutoa vina hadhi moja na hufanywa kwa zamu, kutoka kushoto kwenda kulia. Sasa mpelekee mama anayeuza maharage sokoni hesabu ileile: alikuwa na shilingi 10,000, akatoa chenji 4,000, akapokea 3,000 za mteja mwingine. Atakwambia 9,000 kabla hujamaliza kuuliza, ilhali MAGAZIJUTO aliisahau zamani.

Wanaosema mzazi wa kawaida anaweza kufundisha Hisabati wana hoja yao hapo, na ni hoja nzito. Ufipa ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi. Nyumba inayolima na kuuza inafanya asilimia, uwiano na sehemu kila msimu. Gunia la debe sita likishindiliwa lumbesa hadi debe saba na kulipwa bei ileile, mkulima ametoa bure sehemu moja ya saba ya mzigo wake, karibu asilimia 14. Mfuko wa kilo 50 wa Urea una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Zilizobaki si kirutubisho hicho. Maswali kama haya mtoto wa Namanyere hahitaji kuyawazia, yamelala stoo. Mwalimu Nyerere alilalamika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule ilikuwa inamfundisha kijana kudhani maarifa yote yapo kwenye vitabu na wazee wake hawana la kumwambia. Zaidi ya nusu karne baadaye, lumbesa bado ni somo zuri la sehemu kuliko yale machungwa yanayokatwa katikati katika kila kitabu.

Nguvu nyingine ya nyumba ni muda. Mtoto mmoja, swali moja, dakika 30 zote zake. Shule haiwezi kumpa hicho.

Hata hivyo soko lina mpaka, na wanaolisifu huusahau. Muulize mama yuleyule kwa nini −4 mara −3 ni 12. Hakuna deni linalozidishwa kwa deni sokoni. Uzoefu wa biashara unambeba mtoto hadi asilimia na uwiano, kisha unamwacha mlangoni mwa aljebra, mahali herufi zinaposimama badala ya namba na jiometri inapodai uthibitisho badala ya kipimo cha kamba. Kwa makisio yangu, mzazi aliyeishia darasa la saba anafaa sana hadi darasa la tano au la sita. Baada ya hapo ujuzi wake wa jibu unapungua thamani mwaka hadi mwaka.

Kuna pia hatari za njiani. Mzazi anafundisha njia yake ya kugawanya, shule ina yake, na mtoto anabaki katikati akiziogopa zote mbili. Mwingine ametoka shambani Januari, mvua imemnyeshea tangu asubuhi. Akikutana na kosa lilelile mara ya tatu mkono unatangulia mdomo. Somo linalofundishwa kwa makofi huwa gumu maradufu, na ugumu huo unakuwa umetengenezwa nyumbani.

Bado kuna kitu kimoja ambacho mzazi asiyejua somo anaweza kukifanya hata kidato cha tatu, nacho ni kuuliza: nieleze ulifikaje hapo. Mtoto anayelazimika kueleza hatua kwa hatua, kwa Kiswahili au Kifipa, kwa mtu asiyejua, hujikuta amekwama palepale kipago kilipovunjika, na mara nyingi anakiona mwenyewe. Msikilizaji hahitaji kujua jibu. Anahitaji uvumilivu, na ujasiri wa kusema "sijaelewa" mbele ya mwanawe, jambo ambalo kwa akina baba wengi ni gumu kuliko aljebra.

Lugha: mlima wa kidato cha kwanza

Shule za msingi za serikali, ukiacha chache, hufundisha kwa Kiswahili. Sekondari inafundisha kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliwapa wengi matumaini kwamba Kiswahili kingepanda ngazi. Miaka imepita na mlango wa kidato cha kwanza umebaki palepale. Mtoto aliyejifunza usanisinuru akauelewa vizuri anakutana nao tena ukiwa na jina la herufi 14 na maelezo ambayo hata viunganishi vyake hajavizoea. Kozi ya wiki chache ya kuwaandaa wanafunzi wanaoanza sekondari haiwezi kujaza pengo la miaka ya nyuma. Mtaala ulioanza 2024 umeleta Kiingereza kama somo tangu darasa la kwanza, na huo ni msaada wa kweli kwa watakaofika huko baadaye. Aliyekuwa darasa la nne mwaka huo hakuuonja.

Wazazi wamegawanyika pande mbili kuhusu hili. Upande mmoja unasema nyumba ihamie kwenye Kiingereza mapema: katuni za Kiingereza, vitabu vya Kiingereza, na baba azungumze Kiingereza mezani. Faida yake ni masikio. Mtoto aliyesikia lugha miaka mitano hatetemeki mwalimu anapoitumia. Kasoro yake ni kwamba Kiingereza kinachopatikana katika nyumba nyingi ni cha kuokoteza, na baba anayekilazimisha huishia kuzungumza machache na mtoto wake. Mtoto anabaki na Kiingereza kibovu, na yale mazungumzo marefu ambayo ndiyo yanayojenga akili ya kueleza mambo yanapotea.

Upande wa pili unashikilia Kiswahili hadi mwisho, ukisema dhana ikieleweka jina litakuja lenyewe. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Dhana iliyoeleweka kwa lugha ya nyumbani haipotei, lakini jina haliji lenyewe, maana mtihani wa kidato cha pili na wa nne hauulizi umeelewa nini, unauliza unaweza kuandika nini kwa Kiingereza. Wapo vijana wanaoeleza mzunguko wa damu vizuri mno kwa mdomo, wakapewa karatasi wakaandika mistari miwili.

Nionavyo, kinachofaa ni mgawanyo wa kazi, nao hauhitaji fedha nyingi. Dhana ifundishwe kwa Kiswahili, pale inapobidi kwa Kifipa, kisha jina na sentensi mbili tatu za Kiingereza zikaririwe waziwazi kama msamiati. Daftari lenye safu mbili, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia, likianzishwa darasa la tano na kujazwa maneno matano kwa siku, litakuwa na zaidi ya maneno elfu mbili mtoto anapofika sekondari. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Hapa maktaba za shule na za parokia zinaweza kuwasaidia wazazi kuliko semina.

Twisheni

Juu ya twisheni maneno ni mengi kuliko jambo lenyewe. Inafaa pale mzazi anapoishia, yaani aljebra, Fizikia na maandalizi ya kidato cha nne. Na mjini Sumbawanga wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira hawakosekani. Inadhuru inapokuwa mwalimu wa darasani ndiye huyohuyo wa jioni kwa malipo, kwani hapo ana sababu ya kuacha somo nusu mchana. Inapoteza fedha inapogeuka kuwa kutatua mitihani iliyopita tangu mwanzo hadi mwisho bila kurudi kwenye kipago kilichovunjika. Na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa sehemu kubwa haipo. Familia nne au tano zikichangia mwalimu mmoja mara mbili kwa wiki, gharama inashuka na watoto wanapata pia wa kushindana naye, jambo ambalo nyumba moja haiwezi kulitengeneza.

Redio, simu na kishikwambi

Kuna wanaoamini kifaa kitamaliza ubishi wote. Historia ya nchi hii ina mifano mitatu ya kuwatuliza.

Wa kwanza ni wa 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio kufundisha usafi na kinga ya magonjwa, na inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni mbili walishiriki. Lakini redio haikusimama peke yake. Kulikuwa na vikundi vya kusikiliza vijijini, vitabu vidogo vya kufuatilia, na kiongozi wa kikundi aliyeandaliwa. Kipindi kilipoisha watu walibaki wakijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Wa pili ni wa 2020. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye runinga, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu mtandaoni. Safari hii kikundi hakikuwepo, kwa sababu kukusanyika ndiko kulikokuwa kunakwepwa. Mtoto mwenye runinga alitazama; asiye nayo alichunga mbuzi. Uganda, ambako shule zilifungwa tangu Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022 tu, ilionyesha jambo hilohilo kwa kipimo kikubwa zaidi: masomo ya redio na ya vijarida yaliwafaa waliokuwa na mtu mzima wa kukaa nao, wengine wakaachwa njiani.

Wa tatu ndio wenye kunifikirisha zaidi. Kati ya 2017 na 2019, katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700, wengi wao wasiowahi kuhudhuria shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Lilikuwa shindano la kimataifa la XPRIZE, na waandaaji walitaka kujua kama mtoto anaweza kujifundisha bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya tisa kati ya kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washabiki wa teknolojia husoma nusu iliyofaulu. Mimi nasoma zote mbili. Kifaa kinaweza kumfikisha mtoto mahali bila mwalimu, jambo ambalo wengi wetu tungelikanusha. Na baada ya zaidi ya mwaka mzima wa kujaribu, wengi bado walikuwa hawajasoma neno. Tena hayo yalikuwa masomo ya mwanzo kabisa. Hakuna aliyejaribu milinganyo.

Kwa nyumba ya Ufipa funzo ni dogo na la wazi. Katuni za Ubongo Kids, zinazofundisha Hisabati na sayansi kwa Kiswahili tangu 2014, ni msaada mzuri kama mtu atauliza maswali baada ya kipindi. Simu ya mzazi yenye kifurushi cha intaneti inaweza kufungua kitabu ambacho shule haina. Bila mtu wa kuuliza, simu hiyohiyo ni mpira na muziki.

Maabara haihamii sebuleni

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema nyumba inatosha. Kemia ya kidato cha tatu inadai pipeti, indiketa na asidi iliyopimwa, na mtihani wa vitendo una sehemu yake katika alama. Sekondari nyingi za kata zenyewe zilipata maabara baada ya msukumo wa ujenzi uliopamba moto mwaka 2014, na jengo si lazima liwe na kemikali. Mtahiniwa wa kujitegemea anayesoma nyumbani kijijini na kuchagua masomo ya sayansi bila kupata kituo cha kufanyia vitendo anajitia hasara, na wanaomshauri wamwambie hivyo kabla hajalipa ada ya mtihani.

Hilo halina maana kwamba sayansi haina nafasi nyumbani. Sumbawanga iko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na ndiyo sababu mojawapo maharage yanakaa jikoni muda mrefu kuliko yangekaa Kasanga, kule ziwani ambako ni chini kwa takribani kilomita moja. Mtoto mwenye sufuria mbili, moja ina mfuniko uliobanwa kwa jiwe, anaweza kuiona kanuni ya mgandamizo na joto kwa macho yake. Matuta ya ntumba, ambayo Wafipa hufukia majani chini yake mwishoni mwa masika ili yaoze na kurutubisha ardhi, ni somo la Biolojia na Kemia lililokuwepo kabla ya shule yoyote. Halafu kuna malungu: tanuri refu za udongo zilizoyeyushia chuma katika uwanda huu, zikavuta hewa zenyewe bila mivuo, na ambazo mabaki yake yamechunguzwa na wanaakiolojia akiwamo Profesa Bertram Mapunda. Kaboni ya mkaa inapoondoa oksijeni kwenye mawe ya chuma, hiyo ni Kemia ya sekondari ambayo mababu waliifanya kwa tani. Mtoto wa Ufipa anayeambiwa Kemia ni ya Wazungu amedanganywa, tena karibu na ushahidi.

Tofauti ni hii: jikoni na shambani panazaa udadisi na dhana. Hapazai ustadi wa kupima kwa chombo, na huo ndio unaopewa alama.

Mizani

Ukiviweka vyote pamoja, madai ya kila upande yanashikilia kipande. Nyumba inashinda shule katika ngazi ya Hisabati ya msingi, kwa sababu ya muda na kwa sababu maisha ya mkulima yamejaa namba. Katika lugha inafanya nusu ya kazi, na nusu hiyo ni dhana. Katika vifaa inashindwa, na hakuna redio wala kishikwambi cha kuficha hilo.

Kumtoa mtoto wa msingi shuleni ili afundishwe nyumbani hakufai Ufipa: sheria inakataza, na atakachopoteza ni kikubwa kuliko atakachopata. Kijana wa QT anaweza kusoma nyumbani akafaulu, kwa sharti kwamba achague masomo kulingana na kituo alichonacho na asome na wenzake, kama walivyofanya wasikilizaji wa 1973. Walimu wa sayansi wa Kantalamba, Kizwite na sekondari nyingine za mjini wangefungulia maabara zao watahiniwa hawa siku mbili tatu za likizo kwa mwaka, wangefanya zaidi kuliko mkutano wowote wa wadau. Huo ni uamuzi wa ofisi ya elimu ya manispaa, wala hauhitaji sera mpya.

Na yule mzazi mwenye watoto wawili wa 2027, mezani kuna vitabu vya aina mbili? Aanze na wa darasa la sita, na aanze na sehemu. Yule wa darasa la saba ana daftari la maneno la kujaza kila jioni na anaweza kujaza mwenyewe, akikaguliwa Jumapili. Mdogo wake atafika kidato cha kwanza akiwa amekaa darasani mwaka mmoja pungufu.